Na Maneno au Bila Maneno

Miguu ya Beti ilianza kufa saa nne asubuhi. Vilitangulia vidole, zikafuata nyayo, kisha magoti nayo yakaanza kulalamika kama wapangaji. Ikifika saa tisa alasiri alikuwa anasimama kwa heshima tu, nguvu zilikuwa zimeshakwenda zake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kiti kimoja, kiti cha tatu kutoka mlangoni, akitazama visogo vya watu. Wengine humjua mtu kwa sura. Beti ukimpa uso barabarani anakupita kama mti. Mgeuzie mgongo, atakutaja wewe, baba yako, na lile kovu ulilopata utotoni ukidandia ukuta wa jirani.

Jina lake la cheti lilikuwepo, na lilibaki hukohuko kwenye cheti. Watu walimwita Beti kwa sababu hakuwahi kumnyoa mtu bila kumsomea shairi. Tena shairi lake mwenyewe, lenye vina na mizani, alilolitunga kwa kichwa chake kilichosoma mpaka darasa la sita. Darasa la saba walipishana mlangoni. Na usilidharau darasa la sita. Wako watu wana vyeti vimejaa ukuta mzima, lakini waambie watunge mistari minne yenye vina, watatokwa na jasho mpaka kwenye masikio.

Aliyemwambukiza ni mama yake mdogo, msusi wa uani, mwanamke ambaye hakujua kusoma wala kuandika lakini alikuwa na vina kichwani kama wengine walivyo na chawa. Alisuka akighani. Kila mkato wa shairi, mkunjo mmoja wa nywele. Mteja akilia kwamba anavutwa, mama mdogo anamwambia avumilie, amebakiza mistari miwili. Beti akiwa na miaka saba alikuwa mshika kichanuo, na hapo ndipo mkono wake ulipojifunza mwendo. Alipokuja kushika mashine ya kunyolea, mkono haukujua mwendo mwingine.

Basi kazi yake ilikwenda hivi. Mstari wa shairi una vipande viwili, kila kipande mizani nane. Kipande cha kwanza, mashine inapanda kutoka shingoni kwenda juu. Kipande cha pili, inashuka. Mstari ukiisha, njia moja imekwisha kichwani. Ubeti mmoja upande wa kushoto, mmoja wa kulia, beti mbili nyuma. Ndevu ni ubeti mmoja, sharubu nusu, isipokuwa zile za wastaafu. Na wateja wake wa zamani walikuwa wamezoea kiasi kwamba ule mstari wa mwisho ukifika, shingo inajikunja yenyewe ili brashi ipite:

*Kichwa ni shamba la nywele, halilimwi likaisha,*
*Fyeka leo, fyeka tele, kesho tena lachipusha,*
*Na shida zi vilevile, hunyolewa hazikwisha,*
*Inamisha kichwa mbele, miguu yangu yachosha.*

Ukisema alikuwa na wasikilizaji utakuwa umemwongezea chumvi. Wengi walisinzia. Mwashi mmoja alikiri kwamba kwa kweli si vibaya, ni afadhali kuliko kung'olewa jino. Wengine walimwomba siku hiyo alete fupi, wana haraka. Lakini mara moja moja, kama mvua ya kiangazi, mtu aliye chini ya shuka ya kunyolea husema, "Rudia hapo." Kwa hiyo "rudia hapo" moja, Beti aliweza kusimama mwezi mzima.

Jioni alitungia nyumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imo kwenye beseni la maji moto yenye chumvi, daftari juu ya mapaja likinuka spiriti. Mkewe alikuwa akishona vifungo vya sare za shule, akimwangalia kwa jicho moja. Aliwahi kumwambia kwamba kama shairi lingekuwa dawa ya miguu, sasa hivi yeye angekuwa anashindana mbio. Beti alikodolea daftari. Alikuwa anatafuta kina.

Duka lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada. Shemeji alipofariki, likashikwa na mpwa wake Beti, mtoto wa dada huyo, mtu mzima mwenye watoto wawili na mama wa kutunza, mchapakazi, mwenye hesabu kali. Mpwa alipaka kuta rangi, akaweka vioo vipya, akatundika televisheni pana kama mlango. Hakufanya hivyo kwa kuringa. Ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa duka jingine lenye viti vya ngozi vinavyozunguka, na vichwa vilikuwa vinavuka barabara kimoja kimoja. Waliobaki wakiingia, wakaona kiti cha tatu ni kitupu na Beti amesimama na shuka mkononi kama mtu anayesubiri kumfunika maiti, wanasema hawana haraka, watangojea cha kwanza au cha pili. Cha pili kilikuwa cha Kidevu, fundi wa ndevu, mtu wa mzaha ambaye mdomo wake ulikuwa na makali kuliko wembe.

Jumatatu moja kabla ya kufungua, mpwa alimkuta Beti anapaka mashine mafuta.

"Mjomba, nataka kukwambia jambo, usikasirike."

"Sikasiriki. Nimechoka. Hayo mawili ni ndugu, ila hayafanani."

Mpwa akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema watu wanakuja kunyolewa, hawaji kuhutubiwa. Beti akamjibu kwamba yeye maneno hawalipishi. Mpwa akasema hapo ndipo penye tatizo, kitu cha bure kimeanza kuwafukuza wenye kulipa. Halafu akatoa alichokuja nacho. Mwezi huu Beti anyoe kimya. Wateja wakirudi, heri. Wasiporudi, kiti cha tatu atapewa fundi mwingine.

"Na mimi?"

"Nitakuwekea kiti hapo mlangoni. Upokee watu, uwaambie zamu zao. Kazi ya kukaa, mjomba. Miguu yako naiona, mimi si kipofu."

Kazi ya kukaa. Miguu ya Beti ilisikia kabla ya masikio, ikafurahi mpaka akaona aibu. Lakini moyo ulijua kingine. Kazini kwake shairi lilipita kwenye mashine, mashine ikapita kwenye kichwa. Ukimwondolea vichwa, angebaki mzee wa mlangoni anayewasemesha wapita njia, na watu wa namna hiyo mwisho wao unajulikana: wanapewa maji ya kunywa na kuonewa huruma. Akasema atanyoa kimya.

Wiki ya kwanza mkono ulitembea kama mlevi. Mwalimu mmoja aliomba apunguzwe kidogo, akaondoka na denge lililopanda mpaka juu ya masikio. Beti akaona hapana, akabuni njia: akawa anaghani moyoni, midomo inacheza bila sauti. Hapo mkono ukatulia. Kidevu akaliona hilo, akawatangazia wateja kwamba siku hizi Beti anatafuna hewa, na bado hashibi. Watu wakacheka. Vichwa viwili vitatu vipya vikakaa kwenye kiti cha tatu, mpwa akatabasamu. Beti alirudi nyumbani akiwa amechoka kwa namna mpya, uchovu usiokwisha kwenye beseni. Mkewe alimwuliza kulikoni, mbona daftari halifunguki. Akasema anafikiri. Kweli alikuwa anafikiri, alikuwa na shairi la miguu limekwama njiani.

Jumamosi ya pili ya mwezi akaja fundi chuma.

Huyu alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, pande la mtu, mikono imejaa alama za cheche, nyusi moja haikuota tena. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi ya pili, alikuja akakaa kiti cha tatu, akanyolewa, akaondoka. Salamu yake ilikuwa kuinua kidole. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa zamani na mashine ya kusugulia chuma, na Beti alishamweka kwenye fungu la magogo. Kitu kimoja tu kilimshangaza: wengine walisinzia, huyu hakufumba macho hata mara moja. Alikodolea kioo mwanzo hadi mwisho. Beti alidhani analinda masikio yake yasikatwe, ingawa hayakuwa na faida tena.

Siku hiyo duka lilikuwa limejaa. Televisheni ilikuwa inapigiwa kelele na watu waliodhani wachezaji wanawasikia. Fundi chuma alipenda pembeni pafyekwe kabisa na juu pabaki, kwa hiyo Beti alitoa kitana cha kupimia urefu kwenye mashine, akaacha meno matupu. Midomo ikaanza kucheza. Lilikuwa ni lile shairi la miguu:

*Miguu ni nguzo mbili, zabeba nyumba ya nyama,*

ikapanda, ikashuka.

*Mwenye nyumba hana hali, kutwa nzima kusimama,*

ikapanda, ikashuka.

*Kiti chake si halali,*

ikapanda, na haikushuka. Kipande cha pili hakikuwepo. Beti alikuwa amesahau kwamba hajakitunga. Akakitafuta palepale, macho yamekwenda darini, kina cha "ma", neno gani lenye "ma", na mkono nao ukawa unangoja kipande cha pili ili ushuke. Usipopewa kipande cha pili, mkono wenye adabu ungesimama. Mkono wa Beti haukufunzwa kusimama, ulifunzwa kupanda mpaka uambiwe. Ukapita sikioni, ukapita ubavuni, ukavuka utosi, ukatokea kwenye paji la uso. Alipoangalia, kichwa cha fundi chuma kilikuwa kimepasuliwa njia nyeupe iliyonyooka, ambayo mpimaji wa ardhi angeionea wivu.

Kidevu akasogea, akainama, akaikagua.

"Hii barabara itawekwa lami lini?"

Walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga maji yake. Mpwa akaja mbio, akamwomba fundi chuma msamaha kwa mikono yote miwili, kisha akamgeukia Beti. Hakupaza sauti. Angepaza, isingeuma kama ilivyouma.

"Mjomba, basi. Weka mashine chini."

Beti akaiweka. Kitu cha ajabu ni kwamba hakuona aibu aliyoitegemea. Aliona usingizi. Aliangalia mlangoni, mahali patakapowekwa kile kiti cha kupokelea watu, akafikiri kwamba huenda si vibaya. Mtu anaweza kuchoka hata na kitu anachokipenda, hasa akikipenda peke yake.

Ndipo gogo likasema. Lilisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu ambao hawajisikii wenyewe.

"Amekwama."

Mpwa akauliza nani.

"Huyu. Amekwama kwenye kina." Fundi chuma akatoa mkono chini ya shuka, akaonyesha kioo. "Mimi sisikii vizuri. Namsoma mdomo. Miaka kumi na moja namsoma mdomo humo kwenye kioo. Kiti chake si halali, halafu mdomo ukasimama. Halafu nini?"

Fundi chuma akageuza kichwa chake chenye barabara, akamtazama Beti mwenyewe, si kwenye kioo.

"Kama angekuwa anatoa sauti, mngemcheka akikwama, angesimama. Mmemnyamazisha, nani angejua? Mimi nilijua. Ila kwanza nilidhani anavuta pumzi tu."

Kisha akasema kwamba kule karakana kwake mafundi wote wanaghani wakisugua chuma, amewafundisha yeye. Mpwa, kwa heshima tu, akauliza wanaghani nini. Fundi chuma akakaa sawa, akakohoa, akatoa:

"Chuma ni shamba la kutu, halisuguliwi hata siku moja likaisha!"

Sasa mtu mwingine hapo angelia kwa furaha. Miaka yote hiyo anadhani analimwagia maji jiwe, kumbe jiwe limeota. Beti naye kifua kilimjaa, usimwonee. Lakini mtunzi ni mtunzi. Vidole vyake vilikuwa vimeshahesabu vyenyewe ubavuni mwa suruali: kipande cha kwanza nane, safi. Cha pili, kumi na sita. Kumi na sita mahali pa nane!

"Mizani imezidi," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Eh?"

Beti akaikunjua midomo vizuri. "Imezidi."

"Ikizidi ndiyo imara," akasema fundi chuma, na ungemwona usingemshawishi. "Haya. Kiti chake si halali, akikaa watu watamsema. Nimekumalizia."

Kumi na moja. Beti akafumba macho. Akaondoa "watu," maana nani mwingine husema, akaondoa na "m," maana anayesemwa anajulikana. Yaliyobaki yakakaa kimya kichwani kama nywele zilizochanwa.

"Akikaa watasema," alisema.

Mtu wa kiti cha kwanza, ambaye alikuwa na povu mpaka puani, akasema chini chini, "Hiyo kweli. Rudia hapo."

Beti akachukua mashine. Mpwa alimwona, akarudi kwa mteja wake. Denge lilikuwa limeshashindikana, pakabaki kipara tu, na kipara cha kichwa kama kile ni beti saba. Beti akazisoma zote kwa sauti, juu ya kelele za televisheni, na hakuna aliyeondoka, ijapokuwa haki isemwe, mchezo ulikuwa bado unaendelea.

Usidhani mpwa alilainika. Mtu mwenye mama wa kutunza halainishwi na fundi mmoja mwenye kipara. Jumatatu alihamisha kiti cha tatu mpaka ukuta wa mwisho, kando ya pipa la maji, mahali ambapo televisheni haionekani. Kanuni akaitoa palepale: kila mteja aulizwe kwanza. Kwa hiyo Beti akawa anafunga shuka shingoni na kuuliza kama watu wanavyouliza chai, "Na maneno au bila maneno?"

Wengi walisema bila. Kuna siku alisikia bila, bila, bila mpaka saa ya kufunga, na hizo zilikuwa siku ndefu. Siku nyingine alipata wawili. Mara moja walifika watano, mmoja wao akiwa amekosea, alidhani maneno ni aina ya mafuta. Waliosema bila aliwanyoa akighani moyoni, lakini alijiwekea sheria kama ya daktari: shairi lisilokwisha lisipande kichwani kwa mtu. Na kile kiti cha mlangoni mpwa hakukileta, ila hakusema pia kwamba hatakileta.

Jumamosi ya wiki mbili baadaye fundi chuma akaja tena. Kichwa hakikuwa na cha kunyoa, kilikuwa kama msasa. Begani alibeba stuli ya chuma, ndefu, imepakwa rangi ya kijani ya mageti, kikalio kimekatwa kwenye mpira wa tairi. Akaishusha nyuma ya kiti cha tatu kwa kishindo, akaipiga kofi.

"Kaa."

"Nitanyoaje nimekaa?"

"Nimepima. Urefu wako, urefu wa kiti. Kaa."

Beti akatazama upande wa mpwa. Mpwa alikuwa ameshughulika na kisogo cha mtu, amekishughulikia kuliko kilivyohitaji. Kidevu akasema kwamba sasa duka lina mfalme. Beti akakaa taratibu, kama anayeingia kwenye maji asiyoyajua. Nyayo zikaondoka sakafuni. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, na kwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na mmoja aliona kichwa cha mteja akiwa yeye amekaa.

Stuli ikayumba. Akaegemea huku, ikayumba kule. Akainama kuangalia.

"Mguu mmoja umezidi," alisema, akikunjua midomo.

"Ukizidi ndiyo imara."

Beti hakubishana. Alichukua daftari kwenye droo, akatafuta karatasi ya kuweka chini ya mguu mfupi. Kurasa za mwisho zilikuwa tupu, angeweza kuchana moja. Lakini daftari lilijifungua lenyewe kwenye shairi la miguu. Lilikuwa limekamilika sasa, beti nne, limeandikwa vizuri kwa wino. Akalisoma. Kutwa nzima kusimama. Kiti chake si halali, akikaa watasema. Alilisoma akiwa amekaa, na hakuna aliyesema kitu. Shairi lilikuwa zuri, ila lilikuwa limeshakuwa uongo.

Akauchana ukurasa ule, akaukunja mara nne, akashuka, akausukuma chini ya mguu. Akapanda tena. Stuli ikatulia.

Fundi chuma alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha tatu, shuka amejifunga mwenyewe, macho kwenye kioo. Beti hakumwuliza na maneno au bila maneno. Hakuwasha mashine pia, maana hapakuwa na cha kukata. Alichukua brashi tu, akaipitisha juu ya kile kipara, mizani nane kupanda, mizani nane kushuka, akianzia kwenye shamba la nywele.

Alipofika kwenye mstari wa mwisho alisita kidogo. Inamisha kichwa mbele, miguu yangu yachosha. Huo aliuacha kama ulivyo. Miguu ilikuwa bado inauma.